Kununua na Kuuza Punda Tabora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Nzega, Igunga, Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua au Tabora mjini anayetafuta punda wa kazi, au anayetaka kumuuza wa kwake bila hasara na bila ugomvi. Biashara hii ina presha. Mnunuzi anaogopa kubambikiwa mgonjwa, muuzaji anaogopa kupunjwa, na punda mwenyewe anapata msukosuko kuliko wote wawili. Huyo wa tatu ndiye anayesahaulika, na ndiye anayekufa wiki moja baada ya mnada wakati watu wanalaumiana. Kwa hiyo majibu mengi hapa yanarudi kwake.

Kwa nini punda? Siwezi kununua farasi?

Kwa kazi za hapa, hapana. Misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma ina mbung'o, ndorobo kama wengi wanavyowaita, na ugonjwa wa nagana wanaoueneza humwangusha farasi haraka. Kuna pia homa ya farasi inayoenezwa na visubi, ambayo huua farasi wengi lakini punda huistahimili. Si jambo jipya: mwaka 1871 mpelelezi Stanley aliondoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani hapa Tabora, akiwa na farasi wawili, na wote walikufa njiani kabla ya kufika. Punda naye hupata nagana, ila huvumilia zaidi, hula majani makavu ambayo farasi angekonda nayo, na hahitaji maji mengi kama farasi.

Nikanunue mnadani au kijijini?

Kijijini, ukiweza. Nyumbani kwa mwenyewe unamkuta punda akiwa hajachoka, unaona anakula nini, anafanya kazi gani na analala na nani. Majirani wapo, na majirani wanajua kama ni mwizi wa mashamba au kama huanguka na mzigo.

Mnadani, kama Igunga au Ipuli, faida yake ni kwamba unaona punda wengi kwa siku moja na bei inajulikana. Hasara ni kwamba kwa punda waliotembea usiku kucha na kusimama juani bila maji, mgonjwa na aliyechoka wanafanana. Mchovu hupoa kama mgonjwa. Mgonjwa naye anaweza kuchapwa kidogo akaonekana mchangamfu. Ukienda mnadani nenda asubuhi mapema, kabla jua halijakaza. Usinunue saa za mwisho ukiwa na haraka ya gari. Watu wengi waliojuta walinunua saa hizo.

Nimkague vipi? Nianzie wapi?

Anzia mbali. Simama hatua kumi au kumi na tano, usimguse mtu wala punda, mtazame tu kwa dakika tano. Punda haonyeshi maumivu waziwazi kama ng'ombe au mbuzi. Mgonjwa wake ni yule aliyesimama kimya, masikio yamelegea, kichwa kiko chini ya mabega, wenzake wanakula yeye hali. Watu humsifia kwamba "huyu mpole". Upole ni wa punda anayekutazama ukisogea na anayegeuza sikio kusikiliza. Asiyejali kabisa ana tatizo.

Halafu omba atembezwe: "Mzee, naomba umtembeze kwanza, mkumbo mmoja kwenda na kurudi." Atembezwe kwenye ardhi ngumu, kamba ikiwa imelegea ili kichwa kiwe huru. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka kila anapoukanyagia. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga hupanda na kushuka bila kulingana. Mgeuze kwa duara dogo kushoto na kulia, maana kuchechemea kwingi huonekana kwenye kugeuka. Kamba ikishikwa fupi na kichwa kimebanwa juu, huoni kitu, na wapo wauzaji wanaolijua hilo vizuri.

Sasa msogelee kwa ubavu, si kwa nyuma. Kama mgongoni kuna gunia, blanketi au tandiko, liondolewe. Hili usilionee aibu hata kidogo. Donda la tandiko hukaa palepale chini ya gunia, juu ya mabega au kwenye uti wa mgongo, na linaweza kuwa limeingia hadi karibu na mfupa. Pitisha vidole viwili kila upande wa uti kuanzia shingoni mpaka mkiani, ukibonyeza kwa nguvu kiasi. Akishtuka, akainamisha mgongo au akageuka kukutazama mahali palepale mara mbili, pana maumivu. Madoa ya manyoya meupe mgongoni ni makovu ya vidonda vilivyopona. Hayo peke yake si sababu ya kumkataa, lakini yanakuambia alivyobebeshwa.

Angalia pia pembe za mdomo na daraja la pua. Makovu ya waya au kamba nyembamba yanaonyesha punda aliyeongozwa kwa kuumizwa, na mara nyingi huyo atakuwa mgumu kushikwa kichwa. Fizi ziwe za rangi ya waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua, na kwa mikoa yetu fikiria nagana au minyoo. Jicho lisitoe machozi ya usaha. Sogeza kiganja polepole kutoka pembeni kila upande uone kama anapepesa, bila kumpepea upepo usoni maana hata kipofu atapepesa akihisi upepo.

Kwato ndizo watu hupita haraka, na ndizo zinazogharimu zaidi. Inua mguu mmoja mmoja. Kwanza utajua kama amezoea kuinuliwa miguu. Pili, futa udongo chini uone. Sehemu ile laini ya pembetatu katikati iwe imara kama mpira. Ikiwa inanuka na kutoa majimaji meusi, inaoza kwa kukaa kwenye unyevu na kinyesi. Hilo linatibika kwa kusafisha na kumkausha. Ukwato uliorefuka na kupinda mbele kama kandambili unahitaji kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, na viungo vya mguu huenda vimeshaharibika. Pete nyingi zilizopinda kwenye ukuta wa ukwato, hasa zikiwa pana nyuma kuliko mbele, ni dalili kwamba aliwahi kupata uvimbe ndani ya kwato, na hali hiyo hurudi.

Mwisho subiri anye. Kinyesi kizuri ni vidonge vinavyoshikana na kuvunjika vikigusa ardhi. Vikavu sana vyenye utando maana yake hanywi maji ya kutosha. Na mpe majani kiganjani: punda asiyekula mbele yako usimlipie, hata bei ikishuka nusu.

Nitajuaje umri? Kila mmoja anasema "miaka mitano".

Fungua mdomo. Meno ya mbele ya chini ndiyo ya kusoma. Mawili ya katikati ya utotoni hubadilika akiwa na karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata kwenye miaka mitatu na nusu, ya pembeni kwenye miaka minne na nusu hadi mitano. Meno ya utotoni ni madogo na meupe. Ya ukubwani ni makubwa, yana rangi ya njano. Kwa hiyo ukikuta manne makubwa na mawili madogo pembeni, punda huyo hajafika mitano. Hapo muuzaji hawezi kukubishia.

Baada ya mitano kazi inakuwa ngumu. Tundu jeusi katikati ya kila jino hupungua kadiri linavyosagika, na meno yaliyokuwa yamesimama wima yanaanza kulala mbele na kuonekana marefu. Kwa punda wanaokula mchanga pamoja na majani, usagaji huenda haraka. Mtu akikuambia kwa uhakika kwamba huyu ana miaka kumi na moja, anakisia. Wewe gawa tu: kijana, wa makamo, mzee. Aliyetunzwa vizuri anaweza kupita miaka 25, kwa hiyo wa makamo si hasara.

Kazi nyepesi aanze akiwa na miaka mitatu, mzigo kamili akitimiza minne. Waliobebeshwa wakiwa na miaka miwili utawajua kwa mgongo uliobonyea na magoti yaliyoelekea ndani.

Ananitosha kwa kazi gani? Nipimeje?

Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ivute ikae bila kubana. Kwa punda mzima, sentimita 105 ni takriban kilo 104, sentimita 110 ni kilo 117, sentimita 115 ni kilo 132, na sentimita 120 ni karibu kilo 148.

Mgongoni abebe si zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Wa kilo 117 basi ni kilo 39, yaani madumu mawili ya lita 20 yasiyojazwa kabisa, moja kila upande. Madumu manne ni kilo 80, na hapo ndipo vidonda vya mgongo vinaanzia. Mkokoteni ni hesabu nyingine kwa sababu uzito uko kwenye magurudumu: jozi ya punda wa kilo 120 kila mmoja, njia tambarare, matairi yenye upepo na bearingi nzima, tunashauri jumla isizidi kilo 400 pamoja na mkokoteni wenyewe, ambao huwa kilo 100 hadi 150. Hiyo ni magunia mawili na nusu ya kilo 100. Lumbesa haihesabiwi kama gunia. Kwenye mchanga au mlima punguza nusu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumbebesha mnyama kupita uwezo wake, kwa hiyo si huruma tu.

Uliza pia kama vifaa vinauzwa pamoja. Na nira ya ng'ombe usimvishe punda. Ng'ombe ana nundu inayoikinga nira isirudi nyuma. Punda hana, anavuta kwa kifua. Anahitaji mkanda mpana wa kifua, sentimita 8 hadi 10, uliowekwa juu ya ncha ya bega na chini ya koo ili usimzibe pumzi.

Dume, jike au aliyehasiwa?

Aliyehasiwa ndiye rahisi kuishi naye na kumfunga na wengine. Dume lenye nguvu hufaa kama liko peke yake, lakini barabarani likinusa jike mwenye joto, mkokoteni na mzigo vinakwenda naye. Kuhasi hufanywa vizuri kati ya miezi sita na kumi na minane, na daktari wa mifugo, kwa ganzi na chanjo ya pepopunda. Ukinunua dume lililohasiwa juzi, litenge na majike kwa wiki sita; bado linaweza kupandisha.

Kwa nini wazoefu wanasisitiza kununua jozi?

Kwa sababu punda waliokaa pamoja hushikamana sana, na kumtenga mmoja ghafla kunaweza kumuua. Akikosa mwenzake, akasafirishwa na akafika ugenini, anaacha kula. Mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, damu inajaa mafuta, ini na figo vinaharibika. Huanza kimyakimya ndani ya siku moja au mbili za kutokula, na ikishika kasi matibabu ni magumu hata penye hospitali nzuri ya wanyama. Walio hatarini zaidi ni wanene, majike wenye mimba au wanaonyonyesha, na wazee.

Kwa hiyo muulize muuzaji: "Huyu anatembea na nani?" Ukiona wawili wanatafutana kila mmoja akisogezwa, nunua wote au waache wote. Kama fedha inatosha mmoja tu, mpeleke mahali penye punda mwingine. Mbuzi au ng'ombe wanasaidia kidogo, ila si mbadala kamili.

Muuzaji anasema jike ana mimba, anaongeza bei. Nikubali?

Usilipie mimba usiyoithibitisha. Punda hubeba mimba karibu miezi 12, wengine hufika 13 au 14, na tumbo kubwa mara nyingi ni majani na minyoo. Daktari wa mifugo anaweza kupima. Na hata kama ni kweli, hesabu vizuri: miezi mitatu ya mwisho hafanyi kazi nzito, kisha mtoto ananyonya kama miezi sita. Aliye na mimba si punda wa kuanza naye kazi msimu huu.

Bei tunafikiaje, na dalali ana nafasi gani?

Bei inakwenda na msimu. Baada ya mavuno na malipo ya tumbaku watu wana fedha, bei hupanda. Mwisho wa kiangazi, Septemba na Oktoba, malisho yamekauka na wengi wanauza; punda ni wembamba na bei iko chini. Mwembamba mwenye afya ni ununuzi mzuri kama una mabua na pumba za kumrudisha. Mgongo wake ukitokeza lakini anakula kwa pupa na fizi ni nzuri, njaa tu ndiyo inayomsumbua.

Dalali anajua soko, na wapo waaminifu. Mpatane malipo yake kabla, yawe kiasi maalumu na si "kitakachozidi", vinginevyo faida yake ni wewe kulipa zaidi. Usimwachie ukaguzi. Na usionyeshe kwamba umempenda punda; kagua wawili watatu hata kama umeshaamua.

Orodhesha kasoro ulizoziona, moja moja, bila kumdhalilisha mtu. "Kaka, ukwato huu utanichukua miezi minne kuurekebisha" inapunguza bei kuliko "punda wako mbovu".

Malipo na karatasi, nifanyeje nisije nikaambiwa nimenunua wa wizi?

Wizi wa punda upo, na aliyekutwa na mnyama wa wizi ndiye anayeanza kulala kituoni. Fanya hivi, hata kama muuzaji ni jirani wa miaka mingi.

Andikianeni mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa anakotoka punda, akiwepo mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi iwe na majina kamili, namba za vitambulisho vya NIDA na simu za pande zote mbili, tarehe, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wawili, na mhuri. Maelezo ya punda yawe ya kumtofautisha: jinsia, umri wa kukadiria, rangi, msalaba wa mgongoni kama mstari wake umefika mabegani au umekatika, makovu, chapa, na namba ya hereni kama anayo. "Punda mmoja wa kijivu" haisaidii, karibu wote ni wa kijivu. Piga picha za pande zote mbili na uso, muuzaji akiwa ameshika kamba.

Mnadani chukua risiti ya ushuru. Tozo za serikali zinalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi mwa mtu. Akivuka wilaya au mkoa, kibali cha kusafirisha mifugo kinatolewa na afisa mifugo wa eneo anakotoka, baada ya kumwona mnyama. Kitafute kabla ya kukodi gari.

Ukilipa kwa simu, tuma ukiwa umesimama na muuzaji, hakikisheni jina lililotokea ni lake. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiamini ujumbe; fungua menyu uangalie salio. Ujumbe wa kughushi unafanana kabisa na wa kweli. Kamba usiiachie mpaka salio limebadilika.

Naweza kupewa siku za majaribio?

Kijijini, ndiyo, na muuzaji asiye na wasiwasi hukubali. Siku saba zinatosha. Andikeni: kianzio kiasi gani, nani anabeba hasara akiumia, akiibiwa au akifa, na kazi ipi inaruhusiwa. Bila hilo la hasara, majaribio ndiyo chanzo cha kesi. Utaratibu wa haki ni kwamba jeraha na wizi ni wa aliye naye, ugonjwa unaojitokeza siku tatu za mwanzo ni wa muuzaji.

Siku ya kwanza apumzike. Ya pili abebe au avute nusu ya mzigo. Ya nne mpitishe penye pikipiki na malori, na penye maji. Punda anayesimama ghafla mbele ya dimbwi hana ukaidi. Anapima kama ni salama. Mwache ainamishe kichwa atazame, mara nyingi ataingia. Akipigwa hapo, atagoma dimbwi hilo maisha yake yote.

Kumfikisha nyumbani: atembee au apande gari?

Chini ya kilomita 20 hadi 25, atembee, aanze alfajiri, bila mzigo, apumzike mchana kivulini. Zaidi ya hapo gawa siku mbili au tafuta gari.

Kwenye lori au kenta, sakafu iwekwe mchanga au majani wasiteleze. Wapandie ngazi ya mbao au tuta la udongo, wasibebwe kwa masikio na mkia. Wasimame wamebanana kiasi cha kujihimili, si kukandamizana. Wasichanganywe na ng'ombe wenye pembe, na madume mawili yasiyofahamiana yatenganishwe. Kumfunga miguu na kumlaza, au kumpakia kwenye pikipiki, ni ukatili na ni hatari: akilala ubavu muda mrefu misuli inaharibika. Anywe maji kabla, na kila baada ya saa nne gari lisimame. Kutoka Nzega hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 100, na mchana wa Oktoba ndani ya bodi la chuma ni mateso. Safirini usiku au alfajiri. Njia ya Kaliua kuelekea Uvinza inapita msitu wa mbung'o, kwa hiyo apakwe dawa ya kufukuza wadudu siku moja kabla.

Amefika, hali. Nisubiri?

Usisubiri hata siku moja. Muuzaji mwema atakuwa amekupa mfuko wa chakula alichozoea. Mchanganye na chako. Mpe majani mabichi kiganjani, maji safi yenye sukari kidogo, na mweke mahali anapoona punda mwingine. Saa 24 zikipita hajala, piga simu kwa daktari wa mifugo, umwambie "ni punda, hajala tangu jana". Apimwe joto kivulini. La kawaida ni nyuzi 36.5 hadi 37.8. Waliozoea ng'ombe wataona 38.5 ni sawa. Kwa punda hiyo ni homa.

Anayekula, mlishe kwa utaratibu. Wa kilo 120 anahitaji kilo mbili na nusu hadi tatu za majani makavu kwa siku, na maji lita 10 hadi 20, zaidi akifanya kazi juani. Pumba mpe kidogo, isizidi nusu kilo mwanzoni. Mahindi au pumba zenye ukungu usimpe kamwe: sumu ya ukungu hushambulia ubongo na hakuna tiba. Mtenge na punda wako wengine kwa wiki mbili hadi tatu, lakini waonane.

Nimwogeshe josho na nimchome dawa ya nagana kama ng'ombe?

Hapa ndipo wengi wanaua punda wao kwa nia njema. Dawa ya kupe yenye amitrazi, inayotumika sana kwenye majosho, ni hatari kwa punda na farasi: husimamisha utumbo, tumbo linajaa, linasokota, anakufa. Soma kibandiko. Muulize muuza dawa za mifugo akupe isiyo na amitrazi, kama ya jamii ya deltamethrini.

Dawa ya nagana yenye diminazeni, ambayo ng'ombe huivumilia, kwa punda kipimo kikizidi kidogo humletea sumu. Achomwe na daktari, baada ya kupimwa uzito kwa futi na ikiwezekana damu kuangaliwa kwa hadubini. Cha kuulizia mapema ni chanjo ya pepopunda, kwa sababu kidonda kidogo cha ukwato kinatosha kumpa.

Sasa mimi ndiye muuzaji. Nimwandaeje?

Anza mwezi mmoja kabla. Punguza kwato, mpe dawa ya minyoo, ponyesha vidonda kwa kumpumzisha, si kwa kuvifunika. Mzoeshe kushikwa masikio, mdomo na miguu. Punda anayeinua mguu akiguswa huuzika nyumbani, hamfikii dalali. Siku ya mauzo mpige brashi, na mnywesheni maji ya kutosha.

Kasoro iseme mwenyewe, na iandikwe kwenye hati. Akikubali akijua, hana cha kurudi nacho. Ukificha, na akakuta kidonda chini ya gunia, atarudi na mtendaji, na kijiji kizima kitajua. Usimpe dawa ya maumivu ili asichecheme siku ya mnada. Huo ni ulaghai, na punda huyo ataendelea kubebeshwa kwa mguu unaouma.

Mtu anataka kununua wengi kwa mkupuo, haulizi umri wala afya.

Huyo anatafuta ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kutoa gundi inayotumika kwenye dawa za asili za China, na biashara hiyo ilimaliza punda wengi katika nchi kadhaa za Afrika. Wataalamu na serikali walikutana Dar es Salaam Desemba 2022 kulijadili, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mnunuzi wa kweli huuliza kama anavuta, ana miaka mingapi, ana mwenzake. Asiyeuliza, usimuuzie, na mtaarifu afisa mifugo. Mara nyingi wizi wa punda kijijini huanza siku chache baada ya watu kama hao kupita.

Mnunuzi amerudi siku ya tatu anasema punda mgonjwa.

Msikilize kabla ya kubisha. Uliza amemlisha nini, amembebesha nini, amemwogesha kwa dawa gani, amewekwa peke yake? Mara nyingi jibu liko humo, na punda bado anaweza kuokolewa. Nendeni pamoja na daktari wa mifugo, gharama mgawane kwanza na lawama zije baadaye. Ikionekana ugonjwa ulikuwepo, rudisha fedha au punguza bei, muandike upya. Mkishindwana kwa mtendaji, hati yenu ndiyo itakayotumika Mahakama ya Mwanzo.

Punda wangu mzee, hakuna anayemtaka kwa bei ya maana.

Msiuze kwa bei ya kutupa. Atakayemnunua hivyo atamfanyisha kazi mpaka aanguke. Mzee asiyevuta bado ana kazi: humtuliza punda kijana anayefundishwa, hukaa na aliyetengwa, na samadi yake ni nzuri bustanini. Meno yakiisha, mkatie majani mafupi na umloweshee pumba. Akifikia kutoweza kusimama au kula, daktari wa mifugo amlaze kwa sindano, na mwenzake aachwe karibu na mwili kwa saa moja au mbili kabla hamjauzika. Akinyimwa nafasi hiyo huweza kumtafuta na kulia kwa siku kadhaa, akaacha kula. Shimo liwe na kina cha mita mbili, mbali na kisima.